Kitabu cha vitu vilivyosahaulika: majina ya Kiingereza ya vitu vyetu vya kila siku

Mtandikavitanda, Kisumu

Habari zenu jamani. Huu uzi utakuwa mrefu na nitauandika kwa vipande, maana naandika kati ya zamu. Wenye subira mkae, wenye haraka mpitie jioni.

Nasafisha vyumba hotelini hapa Kisumu, huu ni mwaka wangu wa tisa. Hoteli sitaitaja. Kazi yetu ina kitabu ambacho wageni wengi hawajui kama kipo: kitabu cha vitu vilivyosahaulika. Mgeni akishaondoka, kabla hujavua shuka hata moja, unatazama chini ya kitanda, nyuma ya mlango, ndani ya droo, na bafuni kwenye ndoano. Ukikuta kitu chake unakitia kwenye mfuko, unaandika tarehe, namba ya chumba, kitu chenyewe, halafu unatia sahihi. Safu ya kitu chenyewe inaandikwa kwa Kiingereza.

Mwaka wangu wa kwanza, mgeni mmoja Mmarekani alipiga simu siku ya pili baada ya kuondoka. Amesahau "vest" yake ya kijivu, na anaitaka kwa ajili ya harusi Jumamosi. Mpokezi akaniuliza. Mimi kwetu "vest" ni ile fulana ya kuvaa ndani ya shati. Nikapekua chumba, nikapekua kapu la nguo chafu, nikaenda hadi kwa wafuaji. Nikarudi na jibu kwamba haipo, na mgeni akajibiwa hivyo.

Majuma mawili baadaye tulipokuwa tunapanga stoo, nikafungua mfuko nikakuta kizibao cha suti, cha kijivu, kimekunjwa vizuri. Nilikuwa nimekikunja mimi mwenyewe. Nikafungua kitabu, nikakuta mwandiko wangu: "coat without hands". Koti lisilo na mikono. Sahihi yangu pembeni.

Mmarekani akisema "vest" anataja kizibao. Mwingereza kizibao anakiita "waistcoat", na "vest" kwake ni fulana ya ndani kama kwetu. Na mkono wa nguo kwa Kiingereza si "hand" wala "arm". Ni "sleeve". Kwetu neno moja, mkono, linabeba vyote: wa mwili, wa shati, hata wa ndizi. Kizibao alitumiwa, lakini harusi ilikuwa imeshapita. Hakuna aliyenifokea. Mimi ndiye niliyekaa na lile jambo rohoni.

Tangu siku hiyo nina daftari langu. Na nilichogundua ndicho kilichonileta hapa: maneno ambayo hatuyajui si tatizo kubwa, kwa sababu usilolijua unauliza. Linalokuangusha ni lile unalodhani unalijua.

Mtandikavitanda, Kisumu

Naendelea. Watu huniambia, "Mimi Kiingereza sijui kabisa." Mama yangu ni mmoja wao, hakuingia darasani hata siku moja. Lakini asubuhi anavaa sweta, anatoa taulo kwenye kamba, anamwita mjukuu wake aje avae soksi na shati, blanketi anaianika juani, na vitu vyake anavifungia kabatini. Hayo yote yalitoka kwa Waingereza yakaingia kwetu kwa kusikika, si kwa kusomwa.

Neno kabati ndilo linalonipendeza kuliko yote. Linatokana na "cupboard", na kwa maandishi unaona "cup", kikombe, na "board", ubao. Zamani kweli ulikuwa ubao wa kupangia vikombe. Darasani tulitamka kila herufi, "kap-bodi". Kumbe Mwingereza haitamki ile "p" hata kidogo. Waliolipokea neno hili kwa sikio, bila kitabu, wakasema kabati, walikuwa karibu zaidi na Mwingereza kuliko sisi tulioketi kwenye dawati.

Lakini tusimpe Mwingereza kila kitu. Meza ni ya Wareno. Sahani, kalamu, kitabu na sanduku ni vya Waarabu. Gari limetoka India, shule imetoka kwa Wajerumani. Na Mwingereza mwenyewe nguo zake za kulalia, "pyjamas", alizikuta India, neno lenye asili ya Kiajemi ambalo maana yake ni vazi la miguu. Hata "shampoo" aliipata hukohuko.

Mwalimu wa Jioni, Nakuru

Dada, umenigusa. Nafundisha watu wazima jioni upande wa Kaptembwo: wauza mboga, mafundi wa ujenzi, akina mama wanaojiandaa kwenda kufanya kazi za nyumbani Uarabuni. Niongeze lile linalowatesa sana: vitu ambavyo kwetu ni kimoja na kwa Mwingereza ni viwili.

Suruali kwetu ni moja. Una miguu miwili, suruali inabaki moja. Kwa Kiingereza ni "trousers", daima wingi, na ukitaka kuhesabu unasema "a pair of trousers", "two pairs of trousers". Ndivyo ilivyo kwa miwani, mkasi, koleo ya fundi, kaptula, pajama. Chochote chenye pande mbili zilizounganika, Mwingereza anaona viwili. Sisi Wakenya tumezoea kusema "a trouser" na "a scissor", hata maofisini, na tunaelewana vizuri kabisa. Mtahini ndiye hatakuelewa.

Nikiwafundisha siwapi kanuni. Naweka mkasi mezani nawaambia: hesabuni makali. Mawili. Basi sema mawili. Hawasahau.

Kibuye Mitumba

Mimi nauza viatu vya mitumba Kibuye. Mtandikavitanda, kuna kitu nakuomba uongeze kwenye daftari lako: namba. Kiatu cha mwanamume kilichoandikwa 8 cha Uingereza ni karibu 9 ya Marekani, na kule Ulaya bara ni karibu 42. Kiatu ni kilekile. Mgeni akikupigia simu akitaja 9 nawe kwenye soli umesoma 8, usimjibu kwamba si chake. Tazama kwanza namba hiyo ni ya wapi. Marinda vilevile: 12 ya Uingereza ni kama 8 ya Marekani. Nimewahi kupoteza wateja wawili siku moja kabla sijajua hilo.

Na majina yenyewe ya viatu ni bahari. Hapa sokoni raba ni kiatu cha michezo. Ukimwambia Mmarekani "rubber shoes" atafikiria buti za mvua. Yeye huziita "sneakers", Mwingereza "trainers". Patipati Mmarekani anaziita "flip-flops", na "slippers" kwake ni vile viatu laini vya kuvaa ndani ya nyumba wakati wa baridi. Akala sijui utamwambiaje. Mimi husema "sandals made from old tyres" na nampa azishike.

Mtandikavitanda, Kisumu

Kaka wa Kibuye, asante sana. Hilo la namba nitalibandika ndani ya jalada kesho.

Na hapohapo kwenye raba, jihadharini jamani. Kifutio cha penseli Mwingereza anakiita "rubber", nasi tulikiita hivyo shuleni. Kwa Mmarekani "rubber" ni kondomu, kifutio chake ni "eraser". Kijana mmoja wa zamu yetu aliandika "one rubber, used" kwa kifutio cha mtoto. Msimamizi alimwita akamweleza faraghani, kwa heshima, na nilimpenda kwa hilo. Kijana alikuwa ameandika sawasawa na alivyofundishwa.

Mengine niliyoyakusanya ya namna hiyo: Mwingereza akisema "purse" ni kile kibeti kidogo cha sarafu na noti. Mmarekani akisema "purse" ni mkoba mzima wa mwanamke. Mama akipiga simu analia kwamba "my purse" imebaki, muulize ukubwa kabla hujaanza kutafuta. "Pants" kwa Mmarekani ni suruali ndefu, kwa Mwingereza ni chupi, na sisi tumemfuata Mwingereza. Tochi ni "torch" kwa Mwingereza na "flashlight" kwa Mmarekani. Chaja kote ni "charger", hapo Mungu ametuhurumia. Kile kifaa cha kubadilisha plagi ni "adapter", na hakuna kitu kinachosahaulika chumbani kama hicho, kwa sababu plagi zetu ni za Uingereza zenye meno matatu mapana na za Marekani zina meno membamba. Mgeni anafungasha kompyuta yake, kidude kinabaki ukutani.

Konda wa Zamani, Nakuru

Mimi nimefanya kazi ya matatu miaka mingi. Mizigo iko buti, ndivyo tunavyosema, na buti ni neno la Mwingereza, "boot". Mmarekani anasema "trunk". Boneti kwake ni "hood". Jikoni ofisini kwetu palikuwa na rafu ya vitu vilivyosahaulika garini na hatukuwa na kitabu. Mtu akija tunamuuliza, ulikuwa na nini? Anasema begi jeusi. Nusu ya rafu ni mabegi meusi. Tulikuwa tunampa mtu kwa kumtazama usoni. Nikisoma hapa naona tulikosea watu.

Mjukuu wa Mulembe, Kakamega

Nitasema tofauti na nyinyi, mnisamehe.

Shule niliyosoma, sitaitaja, ilikuwa na kipande cha mbao chenye kamba. Tulikiita disk. Ukisikika unazungumza Kiluhya, au hata Kiswahili siku isiyokuwa ya Kiswahili, unavikwa shingoni. Unakivaa hadi umpate mwenzako anayekosea umvishe. Jioni wote waliokivaa wanachapwa. Mimi nilivaa kwa sababu ya kijiko. Nilimwomba jirani yangu kijiko wakati wa chakula kwa lugha ya nyumbani, sikujua jina lingine. Neno "spoon" nililijua siku hiyo na hadi leo nikilitamka nasikia kamba shingoni.

Kwa hiyo mkisema maneno haya ni mazuri, yana asili ya kupendeza, mimi nashindwa kuwafuata. Katiba ya 2010 ibara ya 7 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mbona hicho kitabu cha hoteli kisiandikwe kwa Kiswahili?

Mtandikavitanda, Kisumu

Ndugu, pole. Nimesoma ujumbe wako mara tatu kabla ya kujibu.

Nyanya yangu wa Siaya anasema "sati" na "mesa" kwa sababu Kijaluo hakina "sh" wala "z". Siku moja mbele yangu mtu alimsahihisha, shati, nyanya, shati, na wajukuu wakacheka. Tangu siku ile akawa anasema tu "ile nguo". Aliacha neno lake mwenyewe kwa ajili ya kicheko. Najua unachokisema, japo sikuvaa mbao.

Sisemi Kiingereza ni kizuri kuliko chetu. Nasema mtu amekabidhi kitu chake mikononi mwangu bila kujua, kwa kukisahau, na njia pekee ya kumrudishia ni jina. Mgeni wa kigeni akipiga simu hatasema kizibao. Nikikosa jina lake, yeye ndiye anayepoteza, si Mwingereza.

Lakini la kuandika kwa Kiswahili umesema kweli, na nitalirudia mwishoni, kwa sababu limeshatokea kwetu.

Cherehani, Bungoma

Naingia kidogo tu. Mimi ni fundi wa nguo. Mkono wa shati ni "sleeve", hilo limeshasemwa. Pindo ni "hem". Kola ni "collar". Kifungo ni "button", na tundu lake ni "buttonhole", wala hakuna jina lingine. Zipu kwa Mwingereza ni "zip", kwa Mmarekani "zipper". Ukiandika nguo kitabuni, Mtandikavitanda, taja vifungo vingapi na kama kimoja kimekosekana. Nguo mbili nyeupe hazitofautiani kama kifungo kilichopotea.

Mwalimu wa Jioni, Nakuru

Fundi amenikumbusha. Jambo la pili linalowasumbua wanafunzi wangu ni mpangilio. Sisi tunataja kitu kwanza halafu tunakieleza: mkoba mdogo mweusi wa ngozi. Mwingereza anaeleza kwanza, kitu kinakuja mwisho kabisa: "a small black leather bag". Na ana utaratibu wake, ukubwa, kisha rangi, kisha kile kilichotumika kukitengeneza. Ukisema "a leather black small bag" hutakosa kueleweka, lakini itamkwaruza sikioni.

Umiliki nao umegeuka. Saa ya mgeni, kitu kwanza, mwenyewe baadaye. Kwake ni "the guest's watch", mwenyewe kwanza. Kile kialama cha juu kina kazi: kikiwa kabla ya "s", mgeni ni mmoja. Kikiwa baada yake, "the guests' bags", wageni ni wengi.

Ila kuna mahali Kiingereza kimetupunguzia mzigo, na nawaambia darasani ili wapate moyo. Sisi tunasema kiatu changu, viatu vyangu, shati langu, saa yangu, mkoba wangu, funguo zangu. Mtoto wa miaka mitatu wa Kiswahili anabeba yote hayo kichwani bila kufundishwa. Kwa Kiingereza ni "my", "my", "my", mpaka mwisho. Mtu mwenye uwezo wa kupanga changu, vyangu, langu, wangu na zangu bila kusita asiniambie kwamba hana kichwa cha lugha.

Mtandikavitanda, Kisumu

Mwalimu, laiti ungekuwa karibu. Ila kuna "wake", ambayo ilinisumbua sana. Simu yake, kwetu haijalishi ni ya baba au ya mama. Kwa Kiingereza lazima uchague "his" au "her". Niliandika "her wallet" kwa waleti ya mzee mmoja, na mtu wa zamu nyingine alipotafuta waleti ya mwanamume akairuka. Siku hizi naandika namba ya chumba tu, "wallet, brown leather, room" kadhaa, bila his wala her.

Nimesahau pia majina ya kampuni yaliyogeuka kuwa majina ya vitu. Sisi kila rangi ya viatu ni kiwi. Hiyo ni chapa iliyoanzishwa Melbourne, Australia, mwaka 1906, na mwenyewe, William Ramsay, aliiita hivyo kwa ajili ya ndege wa New Zealand, nchi ya mkewe. Mgeni asiyeijua atadhani unamtajia tunda. Andika "shoe polish". Dawa ya meno tunaiita Colgate hata kama ni nyingine, andika "toothpaste". Biro nayo ni jina la mtu, László Bíró, mwandishi wa habari wa Hungaria aliyeomba hataza ya kalamu yake Uingereza mwaka 1938. Mwingereza ataelewa "biro". Mmarekani mwandikie "pen".

Na mwavuli. Hili si la kazi, ni la moyo wangu. "Umbrella" asili yake ni Kilatini, "umbra", kivuli. Na mwavuli wetu ndani yake kuna kivuli kilekile. Watu wawili wasiojuana, mmoja huku mmoja kule, walitazama kitu kimoja wakakiita kwa kivuli chake. Mvua ya Kisumu ya mchana ikinikuta njiani nafikiria hilo.

Kibuye Mitumba

Dada, ulisema utarudi kwa la Kiswahili. Na mimi nina swali hapohapo: leso unaiandikaje?

Mtandikavitanda, Kisumu

Ndiyo kwanza nimetoka zamu. Nijibu yote mawili kwa pamoja, na ndugu wa Kakamega asome.

Mwaka jana mama mmoja wa Mombasa aliyekuja kwa mkutano aliacha leso mbili, doti nzima haijakatwa. Nilikuwa na msichana mgeni kazini, akaniuliza aandike nini. Leso yenyewe neno lake ni la Wareno, kitambaa cha mkono, na husimuliwa kwamba wanawake wa pwani walikuwa wakinunua vitambaa hivyo vikiwa havijakatwa na kuviunga kuwa nguo moja. Kwa hiyo ungedhani "handkerchief" ingefaa. Haifai. Mtu akisoma hivyo atatafuta kitambaa cha mfukoni. "Wrapper" haifai, inaweza kuwa karatasi ya peremende. "Scarf" ni ya shingoni.

Tukaandika: "two cotton cloths, not cut, red and black, printed words". Halafu nikamwambia asisimame hapo. Pembeni, kwenye nafasi iliyobaki, tukaandika kwa Kiswahili: doti ya leso, na tukanakili jina lake lote, herufi kwa herufi, kama lilivyochapwa kwenye nguo.

Siku ya nne mama akapiga simu. Mpokezi alikuwa na doti tatu za leso stoo siku hiyo, zote nyekundu. Akamuuliza rangi, akajibu nyekundu na nyeusi, na mbili kati ya hizo zilikuwa hivyo. Akamuuliza jina. Mama akalisema jina lote kwa simu bila kusita, na mpokezi akalifuata kwa kidole kitabuni.

Jioni ileile tulizipakia kwenye basi la Mombasa. Tangu hapo msimamizi ametuchorea safu ya pili, na ndani yake kila mtu anaandika jina la kitu kwa Kiswahili.

Mjukuu wa Mulembe, Kakamega

Safu ya pili. Nimeiona. Kijiko kiandikwe humo.

Mtandikavitanda, Kisumu

Kimeshaandikwa ndugu yangu. Ukurasa wa Machi, chumba cha ghorofa ya pili, kijiko cha mtoto, cha plastiki, cha kijani. Mwenyewe alikuja kukichukua.